Mbwa kavunjika mguu wa mbele au kiwiko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu upasuaji

Mengi ya maswali haya huulizwa mbele ya picha ya eksirei, wakati mwenye mbwa bado ana mshtuko na hana nafasi ya kufikiri vizuri. Hapa unaweza kuyasoma kwa utulivu na kuyarudia.

Kwanza ramani kidogo. Mguu wa mbele una mifupa mitatu mirefu: humerasi, inayotoka begani hadi kwenye kiwiko, kisha radiasi na ulna, zinazoshuka pamoja hadi kwenye kifundo. Kiwiko ndipo yote mitatu inapokutana. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mbwa, kwa hiyo hitilafu ndogo huku mbele huonekana katika kila hatua anayopiga.

Nitajuaje kama umevunjika au umeteguka tu?

Kwa macho peke yake, mara nyingi huwezi. Mguu uliopinda, unaocheza mahali pasipo na kiungo, au anaouning'iniza bila kuugusisha chini kabisa, huo una kila dalili ya kuvunjika. Lakini wapo mbwa wanaokanyaga kidogo kidogo huku wana ufa kwenye kiwiko, na wapo wanaopiga kelele za kutisha kumbe ni msuli tu. Mtoto wa mbwa aliyevunjika ndani ya kiwiko ndiye hudanganya zaidi: mguu umenyooka, ngozi haina hata mkwaruzo, ila kiwiko kimejaa na ukijaribu kukikunja anageuza kichwa akuume.

Asipoukanyaga kabisa, usingoje kesho kutwa. Apigwe eksirei, na zisipungue picha mbili, ya mbele na ya ubavuni. Mvunjiko unaoonekana wazi upande mmoja unaweza kujificha kabisa ukitazamwa upande wa pili.

Nimfanyie nini kabla hatujafika kwa daktari?

Mfanyie machache. Mfunge mdomo kwa kitambaa au bendeji laini, hata kama hajawahi kukuuma maishani, maana maumivu hayamjui mwenye nyumba. Usimfunge mdomo ikiwa anapumua kwa shida au anatapika. Kama kuna jeraha na mfupa unaonekana, lifunike kwa kitambaa safi na uache hapo hapo. Usiurudishe mfupa ndani, usimwagie spiriti wala kupaka chochote. Damu ikitoka kwa wingi, bonyeza juu ya kitambaa hicho na uendelee kubonyeza.

Kuhusu kufunga vijiti: ikiwa palipovunjika ni chini ya kiwiko, bendeji nene yenye pamba nyingi inasaidia, mradi ianzie vidoleni na kupita juu ya kiwiko. Ikiwa ni kwenye kiwiko au juu yake, acha. Bendeji fupi inayoishia kwenye mvunjiko au chini yake inageuka uzito wa kuning'inia, na kila akitikisika mfupa unazidi kuchoma nyama. Mbwa wa namna hiyo hana haja ya vijiti. Mweke ndani ya kizimba au boksi lenye blanketi asiweze kujigeuzageuza, kisha mwondoke.

Usimpe chakula, maana huenda akahitaji nusukaputi siku hiyo hiyo. Na usimpe dawa ya maumivu kutoka kwenye kabati lako. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Pamoja na hatari hiyo, ukishampa, daktari hawezi kumpa mara moja dawa iliyo salama kwa mbwa, kwa sababu mbili hizo hazichanganywi. Kwa nia njema unakuwa umemnyima nafuu ya siku nzima.

Kilichovunjika ni mguu. Mbona daktari anapiga picha ya kifua?

Kwa sababu humerasi iko ubavuni pa mbavu. Nguvu ya gari iliyotosha kuvunja mfupa ule mnene haikuishia hapo. Mapafu huweza kuwa yamevilia damu, au hewa imevuja ikajaa nje yake. Mbwa anaweza kuonekana yuko sawa, halafu akaanguka baada ya kulazwa usingizi. Daktari anayeahirisha upasuaji wa mguu kwa siku moja au mbili ili mapafu yatulie hakupotezei muda. Mguu unasubiri, pumzi haisubiri.

Haiwezekani kufungwa POP (plasta ngumu) tu?

Wakati mwingine inawezekana. Masharti yake hayajifichi. Hogo, kama wengi wanavyoliita, lazima lizuie kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko. Kwa humerasi kiungo cha juu ni bega, na bega la mbwa halifungiki kwa POP hata ukiwa fundi namna gani. Kwa hiyo humerasi tunaitoa kwenye orodha. Mvunjiko ulioingia ndani ya kiwiko nao tunautoa, kwa sababu tutakazozieleza chini.

Zinabaki radiasi na ulna. Hapo POP inafaa kwa mbwa mchanga ambaye mfupa haukuachana, au ambaye mmoja kati ya hiyo miwili umebaki mzima ukaushika mwenzake. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ncha zilizovunjika ziwe zimegusana angalau nusu ya upana wa mfupa katika picha zote mbili. Pungufu ya hapo, unakaribisha mguu uliopinda au usiounga.

Na POP si kitu cha kufunga na kusahau. Mtoto wa mbwa anakua, hogo halikui. Kuna mbwa wanaofika na mvunjiko uliopona vizuri kabisa na kidonda cha bendeji kilichokula ngozi hadi kwenye kano. Ukiona unafuu wa gharama ndio unaokuvuta kwenye POP, uliza pia itabadilishwa mara ngapi, kila badiliko linahitaji dawa ya usingizi au la, na mpango ni upi isipounga. Hesabu hiyo ya pili huwa haisemwi siku ya kwanza.

Wangu ana kilo mbili tu, aliruka kutoka mikononi mwa mtoto. Kweli unaweza kuvunjika hivyo?

Ndiyo, na ni mojawapo ya mivunjiko ya kawaida kabisa kwa mbwa wa jamii ndogo: Chihuahua, Pomeranian, Yorkshire Terrier, Italian Greyhound. Radiasi na ulna hukatika zote mbili karibu na kifundo, mahali mfupa ulipo mwembamba kuliko penseli nyingi.

Tatizo la pale ni kupona. Sehemu ile ya chini haina msuli wa kuufunika mfupa, ni kano na ngozi tu, na kwa mbwa wadogo mishipa midogo ya damu inayoulisha mfupa ni michache kuliko kwa mbwa wakubwa. Mfupa usio na damu ya kutosha, ukiwekwa ndani ya POP ambamo bado unachezacheza kidogo, hukataa kuunga. Ncha zake huchongoka na kuyeyuka polepole. Ukisubiri miezi mitatu ndipo umlete kwa upasuaji, daktari hana tena mfupa wa kutosha wa kushikiza skrubu. Ndiyo maana kwa mbwa hawa ushauri huwa ni bamba la chuma mapema, ingawa mwenye mbwa anaona ni makubwa mno kwa kiumbe kidogo hivi.

Pini ya kuingizwa katikati ya mfupa ndiyo kosa jingine la hapa. Inafaa kwenye mifupa mingine, lakini radiasi ni bapa na uwazi wake wa ndani ni mwembamba. Huwezi kuingiza pini bila kuharibu kiungo cha kifundo, na ikishaingia haizuii mfupa kujisokota. Ukipendekezewa pini peke yake kwa radiasi, tafuta maoni ya pili.

Kwa nini mnakitilia mkazo kiwiko kuliko sehemu nyingine?

Kwa sababu kiwiko hakisamehi. Katikati ya mfupa mrefu unaweza kuunga ukiwa umepotoka kidogo na mbwa akaenda zake. Ndani ya kiungo hali ni nyingine: gegedu inayofunika ncha za mifupa ni laini, haijitengenezi upya vizuri, na upande mmoja ukibaki juu ya mwenzake hata kwa milimita moja, kila hatua inausaga.

Mvunjiko unaoonekana zaidi ni wa kondili ya nje, yaani ncha ya chini ya humerasi upande wa nje. Mbwa akitua chini kutoka juu, kichwa cha radiasi kinasukuma moja kwa moja upande huo, na upande huo ndio wenye ukingo mwembamba unaoushikilia kwenye shina la mfupa. Watoto wa mbwa wa miezi minne hivi ndio wateja wakuu, French Bulldog wakiwa mbele.

Huko mezani mambo huwa hivi. Daktari anapasua upande wa nje wa kiwiko, anavuta misuli kando, anaosha damu iliyoganda. Kipande kinaonekana: kimegeuka, kimevutwa na misuli inayojishikiza kwake, na kwa mtoto wa mbwa hakifikii ukubwa wa ncha ya kidole chako. Anakirudisha, anakibana kwa koleo lenye ncha kali, kisha anaacha kila kitu na kutazama. Mstari wa gegedu umelingana? Ukingo wa juu nao umeingia mahali pake? Kimoja kikikataa, anafungua koleo na kuanza tena. Hapo ndipo dakika nyingi zinapokwenda, na ndipo zinapostahili kwenda. Baada ya hapo anatoboa kutoka upande mmoja wa kondili hadi mwingine na kupitisha skrubu inayovuta vipande viwili vibanane. Skrubu moja peke yake haizuii kipande kuzunguka, kwa hiyo anaongeza pini au bamba dogo kwenye ule ukingo.

Zikivunjika kondili zote mbili, mfupa unaachana kwa umbo la Y au T. Huo ni upasuaji mzito. Aghalabu daktari hulazimika kukata kwa makusudi ncha ya nyuma ya kiwiko ili kuinua msuli na kuona ndani, kisha kuirudisha kwa pini na waya, au kupasua pande zote mbili na kuweka mabamba mawili. Kama mbwa wako ana mvunjiko huu, apelekwe kwa mtu anayeufanya mara kwa mara. Usione haya kumwuliza daktari wako swali hilo waziwazi. Aliye mkweli atakuelekeza kwa mwingine bila kununa.

Ni lazima apasuliwe usiku huu huu?

Kwa kawaida hapana. Mfupa uliotoboa ngozi unataka antibiotiki ndani ya saa chache na kuoshwa mapema. Mingine yote inataka dawa ya maumivu, utulivu, na daktari aliyelala usingizi wa kutosha. Mvunjiko wa ndani ya kiwiko ni bora utengenezwe ndani ya siku moja hadi tatu. Ukifika wiki, misuli imeshajikunja, nyama ngumu imejaa kwenye ufa, na kulinganisha gegedu kunakuwa vita.

Mbwa wangu ni Spaniel mzima, hakuanguka popote. Alikuwa anakimbia akalia, basi.

Huyu ana hadithi yake. Kondili ya humerasi huanza ikiwa vipande viwili ambavyo kwa kawaida huungana mbwa akiwa na wiki 8 hadi 12. Kwa Springer Spaniel, Cocker Spaniel na jamaa zao, mara nyingi hubaki ufa katikati. Mbwa anaishi nao miaka, pengine anachechemea siku mbili tatu na kuacha, mpaka siku moja anapopiga kona na ufa unafunguka.

Mawili ya kukumbuka. Mfupa huu huunga kwa uvivu kuliko wa mbwa aliyegongwa, kwa hiyo daktari huweka skrubu nene na bamba. La pili ni kwamba mguu wa pili mara nyingi una ufa kama huo. Eksirei ya kawaida inaweza kuukosa. Skani ya CT ndiyo huuonyesha sawasawa. Ukigundulika kabla ya kuvunjika, kuna uwezekano wa kupitisha skrubu ya kinga, na uamuzi huo una faida na hasara zake, kwani upasuaji wenyewe katika eneo hili haukosi maambukizi na majimaji chini ya ngozi.

Kiwiko kimeshuka na hawezi kuunyoosha mguu. Ni neva?

Inaweza kuwa neva, inaweza kuwa ncha ya nyuma ya ulna imekatika. Ncha hiyo ndiyo msuli mkubwa wa nyuma ya mkono hujishikiza. Ikikatika, msuli huivuta juu na mbwa anapoteza uwezo wa kukaza kiwiko. POP haina la kufanya hapo kwa sababu msuli unavuta saa zote. Hutengenezwa kwa pini mbili na waya uliosokotwa kwa umbo la nane, ambao hugeuza mvuto wa msuli ukawa wa kubana mfupa badala ya kuutenganisha. Au kwa bamba.

Ulna ikivunjika sehemu ya juu, daktari huangalia pia kichwa cha radiasi kama kimechomoka mahali pake. Giovanni Battista Monteggia, daktari wa upasuaji wa Italia, alieleza jeraha hilo kwa binadamu mwaka 1814, na jina lake linatumika hadi leo hata kwa mbwa. Ulna ikitengenezwa na kichwa kikaachwa nje, kiwiko hakitakunjika.

Ama neva: neva ya radiali hujizungusha nyuma ya humerasi, ikigusana na mfupa pale pale unapopenda kuvunjika. Kabla ya upasuaji daktari hubana vidole vya mguu kuona kama mbwa anahisi maumivu na anageuka. Akihisi, matumaini ni mazuri hata kama kwa sasa anakanyagia mgongo wa kidole. Neva iliyobonyezwa hupona kwa wiki au miezi. Asipohisi chochote, zungumzeni kabla ya kutumia pesa, si baada yake.

Bamba, pini au fremu ya nje? Kipi bora?

Swali hili halina jibu la jumla, ila lina jibu kwa kila mfupa.

Bamba na skrubu huruhusu mbwa kukanyaga mapema na halihitaji uangalizi wa kila siku nyumbani. Skrubu isizidi takriban asilimia 40 ya upana wa mfupa, la sivyo tundu lenyewe linageuka udhaifu; ndiyo maana mbwa wa kilo mbili anahitaji skrubu za milimita 1.5 na si zile zilizobaki kwenye boksi. Yapo mabamba ambayo kichwa cha skrubu hujifunga ndani ya bamba kwa nyuzi zake (mikato ya kuzungusha kama ya parafujo), yanayosaidia mfupa ukiwa laini au kipande cha chini kikiwa kifupi.

Fremu ya nje ni pini zinazopita kwenye ngozi hadi kwenye mfupa, zikaunganishwa nje kwa fito. Inafaa sana mfupa ukiwa umetoboa ngozi na kuna uchafu, kwa sababu hakuna chuma kikubwa kinachoachwa ndani ya jeraha. Wengi hudhani ufundi huu ulitoka kwa binadamu ukaja kwa wanyama. Otto Stader, daktari wa wanyama wa Marekani, alibuni fremu yake kwa ajili ya mbwa katika miaka ya 1930, kisha madaktari wa binadamu wakaichukua wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kasoro yake ni kusafisha matundu ya pini kila siku, na mbwa kunasa fremu kwenye fanicha.

Pini ya katikati inaweza kutumika kwenye humerasi, kwa kawaida pamoja na bamba au fremu. Kwenye radiasi tumeshasema.

Bado anakua. Mguu utabaki mfupi?

Inategemea kama gegedu ya ukuaji, ile tabaka iliyo karibu na ncha za mfupa, imeumia. Mwaka 1963 Robert Salter na W. Robert Harris wa Kanada waligawa majeraha ya gegedu hiyo kwa watoto wa binadamu katika aina tano, na madaktari wa wanyama wanatumia mpangilio huo huo. Aina ya tano ndiyo mbaya na ndiyo isiyoonekana: gegedu imepondwa, eksirei ya siku ya kwanza haionyeshi kitu.

Kwa mbwa, mahali pa kuogopa ni chini ya ulna. Gegedu ya pale hutoa takriban asilimia 85 ya urefu wa ulna, na ina umbo la V, kwa hiyo nguvu yoyote ya pembeni inaiponda badala ya kuitelezesha. Ulna inasimama, radiasi inaendelea kukua, na kwa kuwa zimeshikana radiasi inalazimika kupinda kama upinde. Kanyagio linageukia nje na kiwiko kinavutwa kutoka mahali pake. Kwa hiyo mtoto wa mbwa aliyeanguka vibaya arudiwe eksirei baada ya wiki tatu au nne, hata kama "hakuvunjika". Ikigunduliwa mapema, kukata kipande cha ulna huiachia radiasi ikue wima. Ikichelewa, kunakuwa na kazi ya kukata na kunyoosha mfupa.

Kwa sababu hiyo hiyo, chuma kinachovuka gegedu ya ukuaji kwa mbwa mchanga huwa ni pini laini zisizo na nyuzi, na hutolewa mapema.

Mfupa ulivunjika bila sababu yoyote. Kuna kitu kingine?

Huenda. Kwa mbwa mkubwa wa makamo au mzee, saratani ya mfupa huanza sana juu ya humerasi au chini ya radiasi, yaani mbali na kiwiko. Daktari akiona mfupa umeliwa kando ya mvunjiko, atataka kuchukua kipande cha kupima kabla ya kuweka chuma. Mruhusu.

Kwa mtoto wa mbwa, uliza analishwa nini. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mwili hujilipa kwa kuchota kalsiamu kwenye mifupa, ikabaki myembamba kwenye picha. Hapo kubadilisha chakula ni tiba yenyewe, na skrubu zinaweza kung'oka zikiwekwa kwenye mfupa wa namna hiyo kabla haujakomaa.

Akirudi nyumbani, apumzike kiasi gani?

Kuliko unavyodhani, na kwa muda mrefu kuliko atakavyokubali. Kwa kawaida ni wiki sita hadi nane ndani ya kizimba au chumba kidogo kisichoteleza, chenye nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala. Kutoka ni kwa kamba fupi, dakika tano hadi kumi, akojoe na kurudi. Hakuna ngazi, kochi, kitanda, wala mchezo na mbwa mwenzake.

Wiki ya hatari si ya kwanza. Ya kwanza anaumwa na anajilinda mwenyewe. Kati ya wiki ya pili na ya nne maumivu yameisha, nyuzi zimetolewa, anakanyaga vizuri, na nyumba nzima inamwonea huruma. Mfupa bado haujaunga. Uzito wote umebebwa na chuma, na chuma kinachokunjwa mara elfu moja huchoka na kukatika. Mabamba mengi yanayovunjika huvunjika kwa sababu ya mbwa aliyefunguliwa kwa sababu "ameshapona". Akiwa na kiherehere, usimwadhibu. Mwombe daktari dawa ya kumtuliza. Kumpunguzia chakula kidogo pia ni busara, kwani hatumii nguvu kama zamani.

Kola ya plastiki avae mpaka nyuzi zitoke, siku 10 hadi 14. Usiku ndio anapolamba.

Na bendeji niiangalieje?

Mara mbili kwa siku. Vidole viwili vya katikati viachwe nje: ukiona kucha zake zimeachana, vidole vimevimba. Gusa kama vina joto. Nusa, kwa kweli nusa. Kidonda cha ndani hutoa harufu kabla hakijaonekana. Akitoka nje kwenye unyevu, funika kwa mfuko wa plastiki na uutoe mara akiingia ndani, maana mfuko ukiachwa hutunza jasho na kulowesha bendeji. Bendeji iliyolowa haingoji miadi.

Mazoezi yapo?

Yapo, na kwa kiwiko ndiyo nusu ya tiba. Kiungo kilichopasuliwa kikakaa kimya kwa wiki kadhaa hukakamaa, na kukakamaa kwa kiwiko ni vigumu kukurudisha nyuma. Siku tatu za mwanzo weka barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 10 hadi 15, mara chache kwa siku. Daktari akiruhusu, mlaze ubavu, shika juu ya kiwiko kwa mkono mmoja na kifundo kwa mwingine, kunja polepole mpaka unapohisi anakaza, subiri kidogo, nyoosha. Mara kumi hadi kumi na tano, mara mbili au tatu kwa siku. Akigeuza kichwa au kulamba midomo, umefika mwisho wake wa leo. Kutembea taratibu kwa kamba ndiko zoezi bora zaidi, kwa sababu mbwa anayekwenda polepole hulazimika kukanyaga kila mguu. Akienda haraka ataruka kwa mitatu.

Dalili gani zinanitaka nipige simu siku hiyo hiyo?

Alikuwa anakanyaga, ameacha. Mshono umefunguka au unatoa usaha. Uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tano. Hali chakula, anatapika au anakunya choo cheusi huku yuko kwenye dawa ya maumivu: simamisha dawa, piga simu.

Mfupa huunga baada ya muda gani?

Mtoto wa chini ya miezi mitatu anaweza kuwa tayari ndani ya wiki nne. Mbwa mzima huchukua wiki 8 hadi 12, na mzee au mdogo wa kilo mbili anaweza kupita hapo. Eksirei ndiyo inayosema, si mwendo wake. Picha ya kwanza ya kufuatilia hupigwa karibu na wiki ya sita, mapema zaidi kwa wachanga. Usiiruke ili kubana matumizi.

Chuma kitatolewa?

Kwa mbwa mzima, kwa kawaida kinabaki maisha yote. Hutolewa kikilegea, kikileta maambukizi, au mbwa akilamba ngozi iliyo juu yake bila kuacha. Kwa mbwa wadogo sana bamba gumu kupita kiasi linaweza kuubebea mfupa kazi hadi ukapungua unene. Hapo hutolewa kwa hatua, baadhi ya skrubu kwanza, ili mfupa uzoee.

Atachechemea maisha yote?

Mvunjiko wa katikati ya radiasi ukiunga wima, wengi hurudi kama zamani. Kiwiko ni tofauti. Hata kikitengenezwa vizuri, kusagika kwa kiasi fulani huja baadaye, na wengi huishi nako bila shida kubwa ila asubuhi za baridi au baada ya kukimbia sana. Dawa yenye nguvu kuliko zote dhidi ya hilo ni uzito wa mwili. Mbavu zake uzihisi kwa kidole bila kubonyeza.

Na kama upasuaji hauwezekani, au umeshindikana?

Sema mapema, kwa sababu machaguo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Kwa baadhi ya mivunjiko ya kiwiko, kufungwa na kupumzishwa huacha mguu mgumu unaouma. Kugandisha kiwiko kwa bamba, yaani kuiunganisha mifupa yake kisikunjike tena, kunaondoa maumivu lakini mbwa huuzungusha mguu kwa nje akitembea; kugandisha kifundo, kwa upande mwingine, hakumsumbui sana.

Kukata mguu huwaogofya watu kuliko mbwa. Mguu wa mbele kwa kawaida hutolewa pamoja na mfupa wa bega, maana kigutu kinachobaki hujigonga na kupata vidonda. Mbwa wengi husimama siku inayofuata na ndani ya wiki chache wanakimbia. Kabla ya hapo daktari ampime miguu mingine mitatu, hasa ule wa mbele utakaobaki, pamoja na nyonga na magoti. Mbwa mzito mno, au mwenye viungo vilivyokwisha kusagika, hatabebwa vizuri na mitatu, na kwa huyo hesabu ya kuutengeneza mguu inabidi ipigwe upya.